Msiba Usioliliwa

Hata ibada kanisani kwetu huanza na toba, nami nianze hapohapo. Nilimwua mtu kwa mdomo. Sikumpa sumu wala sikwenda kwa mganga. Nilisema tu kwamba amekufa, naye wakati huo alikuwa uani kwangu anakanda udongo na kuimba sauti ya pili.

Aliitwa Atupele. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu hajaota meno, akilala mkeka mmoja na binti yangu Gloria. Sisi ni Wakisi wa Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wanaume wetu huvua, wanawake tunafinyanga vyungu. Lakini wale mabinti wawili hawakutaka udongo. Walikwenda Mbeya kusomea kazi za hoteli, wakarudi na vyeti, wakaandika maombi ya kazi ya mapokezi Dar es Salaam. Kwa kuwa simu ya Atupele ilikuwa imetumbukia ziwani, wote wawili waliandika namba yangu.

Siku ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua limewaka, vyungu vimeanikwa, tunangoja vikauke tuvichome. Simu ikaita. Mwanaume akajitambulisha kwa jina la Dickson, ofisa wa hoteli moja ya ghorofa huko mjini. Jina la hoteli nalificha, haikunikosea kitu.

"Namtafuta Atupele," akasema. "Amepata nafasi ya mapokezi. Aripoti Jumatatu."

"Na Gloria?"

"Gloria hakuchaguliwa, mama."

Nikamtazama Gloria, mtoto niliyemzaa, amekaa kizingitini anajipaka mafuta miguuni. Halafu nikamtazama Atupele. Sijui shetani aliingilia wapi. Kinywa changu kikasema, "Atupele hatunaye tena, baba. Alitutoka."

Yule bwana akasema, "Poleni sana. Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

"Amina," nikajibu.

Hiyo amina ndiyo inayonichoma mpaka leo. Nikaongeza kwamba huyo Gloria ni mdogo wake, wamesoma darasa moja, kwamba kazi hiyo ingetufuta machozi. Akasema basi aje huyo.

Atupele aliinua uso, udongo umempanda mpaka kwenye viwiko. "Nani huyo, mama mdogo?"

"Wamekosea namba."

"Wale wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'? Ungewaambia waje kwanza wabebe kuni." Akacheka, akaendelea kukanda.

Jioni nikatangaza kwamba Gloria ameitwa kazini. Atupele alimkumbatia hadi wakaanguka wote wawili. Ndiye aliyempigia pasi sketi, ndiye aliyembebea begi mpaka stendi ya Kyela, na kituoni alikuwa bado anamfundisha kazi.

"Usinune kama kambale, Gloria."

"Wewe mwenyewe kambale."

"Nisikilize. Mgeni akiingia, mtazame kabla hajakusalimia. Mgeni asiyetazamwa anajiona hayupo."

Basi likaondoka. Atupele akapunga mkono mpaka vumbi likatulia.

Mambo yalianza Jumamosi iliyofuata, siku ya soko letu. Tulipanga vyungu kama kawaida, mimi huku na yeye kule. Kila mteja aliyekuja, Atupele alimsalimia, "Ugonile." Hawakuitikia. Walipita mbele yake wakaja kuulizia bei kwangu, hata kwa vyungu vilivyokuwa miguuni pake. Lameck, anayetubebea mizigo kwa mtumbwi, akafika akasema, "Leo uko peke yako, mama Gloria?"

"Lameck, kwani mimi kivuli?" Atupele akamtania.

Lameck akachukua chungu kutoka mikononi mwa Atupele kama mtu anayekitoa kwenye rafu, akaondoka nacho.

Tulicheka siku hiyo. Nami nilicheka.

Jumapili ilikuwa Meza ya Bwana. Tukapiga magoti kwenye mstari, yeye kulia kwangu. Mchungaji Andongwisye, aliyembatiza kwa mikono yake, akaja anagawa mkate. Akampa wa kwanza, akampa wa pili, akafika kwa Atupele ambaye viganja vyake vilikuwa wazi vinamngoja. Akamruka. Akanipa mimi. Atupele alibaki ameinua viganja mpaka mchungaji alipomaliza mstari mzima. Kisha akavifuta kwenye sketi, polepole, kama vilikuwa na kitu.

Mimi nilikula mkate wangu.

Tulipokuwa tunarudi akaninong'oneza, "Mama mdogo, wewe unaniona?"

"Nakuona, mwanangu."

"Mbona hunitazami?"

Tangu siku ile ya simu sikuwa nimemtazama usoni.

Jirani yangu Tusajigwe, mfinyanzi mwenzangu mwenye ulimi mkali, akaingia uani asubuhi bila hodi. Akavitazama vyungu vyangu vibichi. Vyote vilikuwa vimepata nyufa kabla ya kuonja moto.

"Mmemzika nani hapa?" akauliza.

"Hatujazika mtu."

"Basi kuna msiba umetajwa haukuliliwa." Akashusha sauti. "Unajua desturi yetu, Felista. Anayetamka kifo ndiye anaanza kulia, na watu wanalia pamoja naye. Akiwa amekosea, anarudi siku ileile kwa yule aliyemwambia, anameza maneno yake mbele yake. Maana msiba usioliliwa hautulii. Unamtafuta mwenye jina."

"Na akichelewa?"

"Asichelewe."

Alipotoka alipita karibu kabisa na Atupele aliyekuwa anachota maji. Hakumwona. Tusajigwe, ambaye huona hata ufa wa unywele kwenye chungu.

Ndugu yangu unayenisikiliza, simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningebonyeza tu. Lakini Jumapili asubuhi Gloria alikuwa amenitumia picha. Amesimama nyuma ya meza inayong'aa, skafu ya bluu shingoni, jina lake limeandikwa kifuani. Nilikuwa nimeshaionyesha kanisa zima. Nikasema moyoni, aizoee kazi kwanza. Nikasema, nitaungama baadaye. Nilijua wimbo wote wa toba kwa moyo, nikaahirisha.

Atupele hakungoja. Akaja jikoni amevaa viatu vyake vya chuoni.

"Naenda Dar es Salaam. Hoteli ileile ya Gloria. Nataka niwaulize mwenyewe kwa nini hawakuniita."

"Nani atakupokea huko?"

"Kazi yao si kupokea watu?"

Nikamsindikiza Kyela. Mwenye bodaboda alitubeba, akanidai nauli ya mtu mmoja. Kwenye dirisha la tiketi nilimkatia mimi, maana yeye aliongea weee, karani anapiga miayo. Akapanda, akakaa dirishani. Nikasimama chini namtazama. Kwa mara ya kwanza tangu ile simu nilimtazama vizuri.

Konda akaja na kiroba cha mchele. Akatafuta pa kukiweka. Akakiweka kwenye kiti cha Atupele.

Juu ya mapaja yake.

Atupele hakupiga kelele. Hakumsukuma. Alikizungushia mikono kile kiroba, akakikumbatia kama mtoto, akageuza uso kwangu. Midomo yake ilisema kitu, lakini kioo kilikuwa kimefungwa. Basi likaondoka.

Kesho yake mchana kweupe Gloria akapiga simu. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona.

"Mama. Kuna kitu hapa."

"Kitu gani?"

"Mlango wetu ni wa kioo, unajifungua mtu akikaribia. Umefunguka. Hakuna mtu."

"Labda upepo."

"Haufunguliwi na upepo." Akashusha sauti zaidi. "Kengele ya mezani imelia, mama. Iko mbele yangu. Nimeiona inabonyea."

Nikaikandamiza simu sikioni.

"Kuna harufu ya ziwa," akasema. "Kuna udongo kwenye meza. Wa kijivu, kama wetu. Nimeufuta. Umerudi. Ni alama ya dole gumba. Ina mstari katikati, mshazari."

Mstari ule naujua. Gamba la kome tunalokwangulia vyungu lilimkata Atupele dole gumba la kulia alipokuwa mdogo. Nilimfunga mimi kwa kitambaa. Kovu likabaki.

"Gloria, mwanangu, inua uso umtazame. Mwambie karibu."

"Nimtazame nani?"

"Atupele. Yuko mbele yako."

Kengele ikalia. Niliisikia mimi mwenyewe kwenye simu.

"Atupele yupi, mama?"

"Dada yako. Mlilala mkeka mmoja."

"Mama, mimi nililala peke yangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. "Unaumwa?"

Kengele ikalia tena. Mara moja. Kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Nikamwomba anipe Bwana Dickson. Nikamweleza yote nikilia, kwamba nilisema uongo, kwamba Atupele yu hai, nameza maneno yangu, ayarudishe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Mama, mimi nilikupigia kumtafuta Gloria. Hapa hatujawahi kuwa na maombi ya Atupele. Pole, nenda kapumzike."

Nyuma ya sauti yake nikasikia mlango wa kioo unafunguka. Ukakaa wazi kwa muda. Ukafunga.

Tangu hapo Gloria hajasikia kengele ikilia yenyewe tena. Anaendelea na kazi, wageni wanampenda, kila mwezi ananikumbuka. Mimi nimekwenda kwa mchungaji, nimeungama mbele ya washarika. Waliniombea. Walidhani mimba iliniharibikia zamani, nikampa mtoto jina. Tusajigwe naye hazikumbuki zile nyufa wala maneno yake. Kwenye picha yetu ya Krismasi kuna mimi, kuna Gloria, na katikati yetu pana nafasi. Mkono wangu umeinuliwa kidogo pale, kama umewekwa begani mwa mtu.

Nimerudi kwenye udongo, sina kazi nyingine. Majuzi nilichoma vyungu vya maji, vile vya shingo nyembamba. Shingo zake hazipitishi mkono wa mtu, hata wa mtoto. Kimoja kikaniponyoka, kikavunjika. Nikaokota vigae.

Upande wa ndani, kwenye tumbo la chungu, palikuwa na alama. Ilibonyezwa udongo ukiwa bado mbichi, na moto umeikausha. Dole gumba. Mstari katikati, mshazari.

Nikavunja cha pili. Ipo. Nikavunja vyote. Imo ndani ya kila kimoja, na katika baadhi imebonyezwa mara nyingi, mara nyingi, kama mtu anayegonga kutoka ndani.

Nimemlilia, lakini kilio cha mtu mmoja si msiba. Na sasa naona hata mimi nimeanza kuisahau sauti yake. Najua aliimba ya pili. Siisikii tena.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, hata kama huniamini. Ukiwa umekaa kwenye mapokezi yoyote, au dukani kwako, au mlangoni kwako, mchana kweupe, na mlango ukafunguka usione mtu, usirudi kutazama simu yako. Inua uso. Tazama pale ambapo mtu angesimama. Sema, "Karibu, Atupele."