Mshonaji wa Chumba cha Nyuma

Fundi cherehani alipolikuta lile shati asubuhi, alicheka peke yake. Jana yake alikuwa amelikata tu, akaliacha chumba cha nyuma, na sasa lilikuwa limeshonwa lote kwa mkono, mishono midogo ambayo yeye na cherehani yake wasingeiweza. Chumba kilinuka mafuta ya taa, ingawa nyumba ile ilikuwa na umeme tangu kabla yeye hajazaliwa. Alidhani ni shangazi yake, kizee mwenye ulimi mkali aliyekaa naye, ameona haya kula bure.

Ukweli ni kwamba fundi mwenyewe, mama wa binti mmoja, alikuwa amezidiwa. Sare za shule mia mbili, mikono miwili! Siku ya pili akaacha mashati matatu, ya tatu akaacha kumi, yote yakashonwa. Siku ya nne, akifunga mlango, akatupa neno kwa mzaha.

"Na hizi sketi uzimalize leo, unasikia?"

"Naam, bibi," sauti ikajibu kutoka ndani.

Alipoufungua, alimkuta binti yake wa miaka kumi na miwili ameketi sakafuni, anashona. Mtoto huyo hakujua hata kutunga uzi. Aliitwa kula, hakuja. Alivutwa, akawa mzito kama gunia la mchanga uliolowa. Na kwa siku tatu alishona bila kuinua macho, vidole vimevimba, midomo imekauka, na kila mama yake alipomnyang'anya sindano ilionekana nyingine mkononi mwake, na ile harufu ya mafuta ikazidi hadi ikaingia kwenye maji ya kunywa.

"Shangazi, mwanangu ananifia," fundi alinong'ona. "Kama kuna unachojua, sema."

"Punguza sauti." Kizee hakumtazama. "Babu yangu alikuwa na watumwa tisa. Tangazo la kuwaacha huru watumwa liliposomwa mjini, wanane walijiondokea. Wa tisa alikuwa mwanamke mshonaji, humo ndani, na babu alikuwa na harusi karibu. Akamfungia mlango. Hakumwambia."

"Mpaka harusi ipite?"

"Mpaka huyo mshonaji alipokufa humo humo. Miaka kumi na mmoja. Sifa yote ya ushonaji ya nyumba hii ni mikono yake, mwanangu. Nasi tukala, tukanyamaza."

Fundi aliona aibu, akatuma mtu amwite mganga.

Mganga alifika adhuhuri. Alinusa mlangoni mwa chumba cha nyuma, akakataa kuingia.

"Huyu hafukuzwi," alisema polepole. "Hajui kama yuko huru, na wewe umemwamrisha kazi. Lazima aambiwe na damu ya nyumba hii. Lakini nisikilize vizuri, mama. Kwanza mwombe amwache mtoto. Akishamwacha, ndipo umpe uhuru wake. Usianze na mwisho."

Fundi aliingia na maneno hayo mdomoni, akaviona vidole vya mwanawe vikivuja damu juu ya kitambaa cheupe, na moyo ukampasuka, akapiga magoti, akasema yote kwa pamoja, kwamba tulikudhulumu, kwamba uko huru tangu zamani na hapana anayekumiliki, inuka, nenda popote utakapo.

Sindano ikaanguka. Binti akainuka, akajinyoosha mgongo kwa mguno wa mwanamke mzima, akampita mama yake na kuelekea mlango wa mbele, uliokuwa wazi, na jua limejaa barabarani.

Fundi alimkimbilia, akamkumbatia kiunoni.

"Mbona wanishika?" binti aliuliza kwa sauti isiyo yake. "Si umesema niko huru?"

"Umeanza na mwisho," mganga alisema. "Ukimwachia, anaondoka na mwanao. Ukimzuia, umemfanya mtumwa tena, na safari hii kwa mkono wako. Mimi hapo sina dawa."

Binti alipiga hatua moja, mama akaburutwa naye. Akapiga ya pili. Kizingiti kilikuwa hapo hapo.

"Shangazi!" fundi alilia. "Funga mlango!"

Kizee akaufunga, akazungusha ufunguo mara mbili, na binti akaacha kuvutana, akageuka, akarudi chumba cha nyuma kuokota sindano.