Mtetemo Kabatini

Kila asubuhi Sundus, binti yangu wa miaka kumi na miwili, hutia chai, hupasha mkate na kumimina mafuta ya zeituni kwenye kibakuli. Mimi hushuka kupanga mitungi ya gesi garini. Baada ya hapo yeye huenda shule, nami nazunguka mitaa ya mji wetu wa Zarqa nikiuza gesi, muziki wa gari ukiwaita akina mama madirishani. Ndivyo tulivyoishi tangu mama yake, Ibtihal, afariki miezi minane iliyopita.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, tarehe ishirini na tano, nilisikia kitu kikitetemeka ndani ya kabati la nguo. Vrrr. Kikanyamaza. Vrrr.

"Nini hicho?"

Sundus aliangusha kijiko. "Nyigu, Baba. Wamo ukutani."

"Nyigu na baridi hii?"

"Basi panya."

Nilicheka, kisha nikakumbuka. Mwezi uliotangulia niliusikia mtetemo uleule, tarehe ileile.

Mchana ikaja barua ya benki. Zamani tulichukua kadi ya mkopo ili tununue friji. Kikomo chake kilikuwa dinari mia tano. Ibtihal ndiye aliyejua hesabu zake. Mimi niliishia darasa la sita. Tulipomaliza kumzika niliikata kadi vipande viwili kwa mkasi wa jikoni, isije ikatumika tena, nikawa napeleka benki dinari ishirini kila mwezi kama alivyokuwa akifanya yeye. Nilidhani deni linapungua. Barua ilisema nadaiwa mia saba na sitini. Nisipolipa hadi Jumapili, siku ya kwanza ya kazi kwetu, wangekwenda mahakamani gari langu likamatwe.

Kadi niliikata kwa mkono wangu. Deni limekuaje peke yake?

Kesho yake Jumatano nilikwenda benki. Kijana mmoja mwenye tai, anaitwa Murad, alitazama kompyuta yake bila kunitazama mimi.

"Ulivuka kikomo, mzee. Hospitali ilichukua dinari mia mbili. Ada ya kuvuka ni ishirini kila mwezi."

Ishirini nilizokuwa naleta, ishirini walizokuwa wanakata! Tena riba juu yake.

"Hospitali? Karani wa mapokezi aliniambia kadi imekataa. Nikauza bangili za mke wangu, nikalipa taslimu."

"Kwetu inaonekana ilikubali. Kabla ya kuruhusu tuliuliza kwa ujumbe, kwenye simu ya mkeo."

"Simu hiyo ilipotea. Alijibu nini?"

"Hilo silioni hapa. Lete ushahidi, au lete pesa."

Ndivyo walivyo hawa wakubwa. Wanakula mara mbili, kisha wanakuomba ushahidi wewe uliyeliwa.

Kwenye ghala la gesi dereva mwenzangu, Jiryis, alinipokea kwa mzaha. "Baba Sundus, nasikia gari linauzwa! Nibakizie hiyo spika yake, yangu imekohoa mpaka imekufa."

"Nyamaza wewe. Hata gari lako linakimbiwa na wateja."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Sundus aliporudi shule nilimwambia wazi. "Jumapili wanaweza kuanza kulichukua gari. Likienda, hatuna chakula. Itabidi uhamie Karak kwa shangazi yako, mimi nitafute kibarua."

Akaweka mkoba wa shule chini. Na hapo kabatini, vrrr.

Safari hii nilisimama. Sundus akanitangulia, akafungua kabati, akaingiza mkono ndani ya koti la baridi la mama yake. Akatoa simu.

"Haikupotea, Baba. Nilikudanganya."

Nilikaa kitandani. Baada ya matanga nilisema simu ile iuzwe, naye akaniambia imepotea.

"Sauti yake imo humu," alisema, machozi yakimtoka. "Jumbe alizokuwa akinitumia. Ananiambia nizime jiko, ninunue vitunguu. Nilikuwa naweka salio kwa pesa ya chakula cha shule ili laini isifungwe."

Ndiyo maana mtoto alikuwa amekonda. Mimi nilimlaumu mwalimu wa michezo.

"Na hizi za benki?"

"Zinakuja kila tarehe ishirini na tano. Nane sasa, na hii ya leo inakumbusha Jumapili. Nilizisoma zote."

"Ukanyamaza?"

"Ningekuambia, ungeniuliza nimezisoma wapi."

Nilitaka kufoka. Badala yake nikauliza, "Wakati wa hospitali, benki iliuliza nini?"

Akapandisha jumbe kwa kidole mpaka juu kabisa, akanisomea polepole: malipo haya yatavuka kikomo chako, kuruhusu jibu moja, kukataa jibu mbili. Chini yake palikuwa na jibu. Mbili.

"Nani aliandika?"

"Mimi. Mama alikuwa na sindano ya maji mkononi. Aliniambia, 'Bonyeza mbili, mwanangu, tusivuke.'"

Alhamisi tulikwenda benki pamoja, Sundus akiwa na sare ya shule. Murad alisoma ujumbe mara mbili. Masikio yakamwiva. Akaingia ndani na kurudi na msimamizi wake, mama mmoja mwenye miwani, aliyenakili jumbe za simu ile mmoja baada ya mwingine.

"Mfumo ulikosea," msimamizi alisema.

"Mfumo! Na aliyetishia kukamata gari ni mfumo pia?"

Akageukia kompyuta. Ada zote nane zikafutwa. Hospitali ikatakiwa kurudisha zile dinari mia mbili ndani ya wiki. Ya mahakamani yakafutwa. Deni likabaki mia nne. Hakuna aliyesema samahani. Nilikuwa nimeshainuka Sundus aliposema, "Tuandikieni hayo yote, mpige na muhuri."

Wakaandika. Nami nikawaambia namba ya kutuma jumbe sasa ni yangu.

Njiani kurudi Sundus alikaa kando yangu garini, barua mapajani. "Utaiuza simu, Baba?"

"Siiuzi. Ningejua kuna nini ndani nisingesema iuzwe. Lakini nisikilize. Hawa watu wanategemea sisi tunyamaze. Mimi nilinyamaza kwa kuwa sikujua kusoma makaratasi yao na niliona haya kuuliza. Wewe ulinyamaza kwa kuwa ulidanganya mara moja ukaogopa. Miezi minane walikuwa wanachuma kwenye huo ukimya wetu. Habari mbaya niambie siku ileile, hata kama kwanza itabidi useme ulinidanganya. Na kila karatasi itakayoingia nyumbani, utanisomea."

"Na mimi nikikosea kusoma?"

"Tutauliza. Sitaona haya tena."

Tarehe ishirini na tano ya mwezi uliofuata tulikuwa tunakunywa chai. Simu yangu ikatetemeka juu ya meza, kando ya ile ya mama yake. Mkono wa Sundus ulitulia hewani na mkate. Nikamsogezea simu.

"Soma."

Akasoma kimoyomoyo kwanza, midomo ikicheza. "Hakuna ada, Baba."

"Soma tena, kwa sauti."

Akasoma tena.