Meno Kwenye Bampa

Haya yalimpata rafiki yetu Othieno, fundi wa kung'arisha bampa pale Busia, na mwenyewe hapendi kuyarudia. Kwake kazi huwa haijaisha mpaka aone meno yake kwenye chuma.

Mchana mmoja mvua ilikuwa imetia giza kibandani. Akaja mtu na pikapu kutoka upande wa Tororo, bampa lina madoa mekundu yaliyokauka.

"Nimegonga mbuzi," alisema akitafuna chapati. "Mbuzi mzee tu."

Othieno akacheka naye. Akasugua kwa majivu na limau, kwaru, kwaru, mpaka chuma kikang'aa. Akainama, akakenua. Meno aliyoyaona yalikuwa na pengo mbele, na yake hayana pengo. Akadhani ni doa, akasugua kwa nguvu zaidi. Ndani ya chuma kitu kikaguna kama mtu anayeumizwa.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake, Apio, kutoka nyumbani Rubongi, karibu na Tororo.

"Kaka, Mama amegongwa barabarani. Gari halikusimama."

Othieno akalitazama bampa. Pengo lile lilikuwa la mama yake, alilijua tangu utotoni. Akafumba mdomo.

Mdomo wa kwenye chuma haukufumba.