Fungu la Mwenyeji

Damu ilianza kunuka siku ya pili asubuhi.

Haikuwa damu ya kweli. Mpambaji alikuwa ameichanganya mwenyewe jikoni kwake, sharubati nyekundu, unga na rangi ya keki, akaitia kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko na kuiacha pale kazini. Sharubati huchacha, hilo alilijua. Lakini haigandi mafuta. Alipofunua ndoo alikuta utando mweupe, mzito, kama wa mchuzi wa nyama uliolala kwenye baridi. Akaupasua kwa kijiko. Chini yake zilikuwamo nywele tatu ndefu zimesokotana.

Akamtazama binti yake, aliyekuwa amenyoa kichwa kwa ajili ya filamu. Akamtazama mdogo wake, mwongozaji, ambaye upara ulimwanzia tangu shuleni. Akamtazama fundi sauti, waliyemwita Masikio, naye kipara kitupu; zake mwenyewe zilikuwa fupi.

"Hapa nani ana nywele?"

"Za ndoo labda," alisema Masikio.

"Mwaga, dada, changanya nyingine," mwongozaji alisema bila kugeuka. "Muda unakwenda."

Walikuwa wanne tu, na hiyo ndiyo filamu nzima. Hadithi yenyewe ilikuwa ya karani wa zamu ya usiku anayechanganyikiwa polepole, peke yake kazini. Mwongozaji alikuwa ameiandika kwa miaka minne na hakuna aliyekubali kuitoa, akaamua kuitengeneza kwa mkono wake: kamera moja, taa mbili, dada yake wa kupamba nyuso, na mpwa wake wa kucheza karani. Mahali alipata kiwanda cha sabuni kilichofungwa zamani. Madirisha waliyaziba kwa vitambaa vyeusi ili mchana uwe usiku. Nje jua lilichoma, watu wakipita na shughuli zao. Ndani, hatua tatu tu kutoka mlangoni, ulikuwa huoni kiganja chako.

Meza ya karani waliiweka katika chumba cha kuchemshia. Palikuwa na matangi matatu marefu kuliko mtu, na ukoko wa mafuta ya ng'ombe umekauka ubavuni mwa kila moja, manjano, wenye nyufa kama kisigino. Katikati ya sakafu ulipita mfereji uliofunikwa kwa chuma chenye matundu. Harufu ilikuwa ile ya sufuria iliyosahaulika chini ya kitanda. Siku ya kwanza walifunga pua. Siku ya pili walishaizoea, na mpambaji aliona hilo ndilo baya zaidi.

Mchana huo Masikio alisimamisha kazi.

"Nani anatafuna?"

Hakuna aliyekuwa anatafuna. Mikate na mayai ya kuchemsha vilikuwa bado kwenye mfuko, umefungwa.

"Nasikia kwenye hedifoni," alisema kwa sauti ya chini. "Si kutafuna. Ni kumung'unya, kama mtu asiye na meno." Alizungusha maiki taratibu, matangini, ukutani, mezani. Ilipoelekea chini, kwenye mfereji, aliondoa mkono kama aliyeungua.

"Panya," mwongozaji alisema.

"Panya hanyonyi mifupa, kaka."

"Basi irekodi. Sauti kama hiyo huipati popote."

Wakati wa kula, binti hakuonekana. Mama yake alimtafuta kwenye kona alimobadilishia nguo, hakumkuta. Akamkuta nyuma ya tangi la tatu, amechuchumaa, anakwangua ule ukoko kwa kucha na kuupeleka mdomoni. Aliula kwa utulivu, bila pupa, akilamba kila kidole mpaka kwenye kiganja.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Nina njaa, mama."

Mpambaji alimshika mkono. Ulikuwa unateleza. Ndipo alipoona taa ndogo nyekundu gizani, akajua kwamba mdogo wake alikuwa amesimama pale muda wote na kamera begani.

"Umemwona anakula uchafu ukanyamaza?"

"Anaigiza, dada. Ameingia ndani ya mtu wake. Usimtoe."

Binti alicheka, akafuta mdomo, akasema hakumbuki vizuri, labda aliigiza kweli. Pumzi yake ilimfanya mama ageuze uso, kisha akaona aibu kwa kugeuza uso mbele ya mtoto aliyemzaa.

Nyumbani jioni hiyo binti hakugusa chakula. Alipopiga mswaki, povu halikuisha. Alitema, likajaa tena, akatema, likajaa, mpaka sinki likafurika mapovu ya kijivu. Mama alisema kesho hawaendi. Binti akamwomba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa nafasi kubwa, na mjomba alikuwa amepiga simu kusema imebaki sehemu moja tu. Mama akakubali. Alijilaumu baadaye kwa mengi, lakini kwa hilo zaidi.

Siku ya tatu karani alitakiwa kukaa mezani, kuinua simu isiyo na waya, na kumwambia mumewe kwamba kazini kuna mtu. Alikaa. Aliinua simu. Badala ya maneno yaliyoandikwa akasema, kwa sauti yake mwenyewe ila yenye umajimaji, kama anayeongea na tonge shavuni:

"Mgeni siku mbili. Leo ya ngapi?"

Masikio alivua hedifoni akaziweka chini. "Nimeyasikia hayo kabla hajafungua mdomo," alimnong'oneza mpambaji. "Yametoka chini."

"Wageni wanakula," binti aliendelea, "mwenyeji anaangalia."

Pembeni mwa mdomo wake likatoka tone jeupe, likashuka kidevuni likaganda, likafuata jingine likaganda juu ya lile la kwanza, na shingo yake ikaanza kwenda juu na chini, juu na chini, kama ya mtu anayemezeshwa vijiko ambavyo hakuna aliyeviona, na kila alipomeza, kule chini ya chuma cha mfereji kitu kilimung'unya kwa raha, na harufu ile waliyodhani wameizoea ikapanda upya, ya moto safari hii, ya mafuta yanayochemka na ngozi na kwato ndani yake, mpaka macho yakawatoka machozi, na katikati ya hayo yote mwongozaji alikuwa amepiga goti karibu na meza, kamera haitikisiki, akisema polepole, "Vizuri. Endelea. Tena, mpwa wangu. Endelea."

Mama alimrukia mwanawe. Masikio alikimbia nje kuomba msaada.

Alirudi na mwanamke mfupi wa makamo, aliyeishi nyumba ya ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza alikuwa amekuja getini akaongea na mwongozaji, na mwongozaji akawaambia wenzake kwamba anataka kuigiza tu. Mtaani walimwita Bi Mwiko. Aliingia na aproni yake ya jikoni, sura imekunjamana kwa hasira.

"Mimi si mganga," alisema. "Nilipika sabuni hapa miaka ishirini na sita. Kila mpiko, upawa wa kwanza tulimmwagia yeye mferejini. Jini huyu hana makubwa, ana njaa tu. Kiwanda kilipofungwa, nani amlishe? Nilimwambia kijana huyu: kabla hamjatia kitu mdomoni, mpeni mwenyeji fungu lake. Akanijibu, 'Vizuri, mama, nimeelewa.' Kisha akaniuliza kama naweza kuyarudia mbele ya kamera."

Mpambaji alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alitazama kioo cha kamera.

"Sasa amehamia kwa mtoto," Bi Mwiko aliendelea. "Alichomlisha lazima kitoke, na hakitoki kwa mkono wangu. Mkono uliomlisha mtoto mara ya kwanza ndio wa kukitoa. Mama mtu, kunja mikono ya nguo."

Mpambaji alipitisha vidole katikati ya meno ya mwanawe. Ndani palikuwa pa moto, pamejaa, laini kama siagi iliyochacha. Alizama mpaka kwenye mafundo ya vidole, akashika kitu, nacho kikamshika. Akavuta. Lilitoka donge la mafuta kubwa kama ngumi, na nywele zilizokuwa ndani yake hazikukatika. Zilikuja nyuma yake moja kwa moja, ndefu, zenye kamasi, hata ikambidi azizungushe kwenye kifundo cha mkono mara moja, mara mbili, mara saba, huku akihisi kwa kila mvuto kwamba upande wa pili kuna anayevuta naye. Alitapika begani mwake mwenyewe. Hakuachia.

Mwisho wake ukatoka kwa mlio mdogo, kama kizibo. Binti akavuta pumzi ya kwanza.

"Mferejini," Bi Mwiko alisema. "Na chakula chenu chote."

Wakatupa donge, nywele, mikate, mayai. Bi Mwiko akainama, akaongea na matundu kama mtu anayeaga jirani: "Mwenyeji, fungu lako hilo. Wageni wako wamekosa adabu, wanaondoka." Chini kikasikika kitu kikimeza, mara moja, kirefu. Kisha kimya.

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka. Mpambaji aliinuka na mikono inayodondoka mafuta, akafungua ubavu wa kamera, akachomoa kadi, akaidondosha kwenye tundu la mfereji.

Mwongozaji alilia kama aliyefiwa. Alilala kifudifudi, akang'oa chuma, akaingiza mkono mpaka begani, akipapasa, na wote wakaona uso wake ukibadilika. "Kinanilamba," alisema kwa sauti ya mtoto. Walipomvuta, mkono ulitoka safi kupita kiasi, mweupe wa kuchemshwa, hauna hata unywele mmoja. Kucha hazikuwapo.

Baada ya wiki mbili alikuja nyumbani kwa dada yake kuomba radhi. Mkono aliufunga bandeji. Binti alikuwa ameanza kula uji, na sauti ilikuwa imemrudia. Mjomba alikaa ukingoni mwa kiti, akasema alidhani ni usanii, akasema hakujua, akasema shetani alimpitia.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nasikia yote, mjomba," alisema. "Yeye alikuwa na adabu. Kila kijiko aliniuliza kama nimeshiba. Mimi nikawa najibu nimeshiba, inatosha. Anasita, anasikiliza. Halafu wewe unasema endelea."

Chai waliyomwekea mwongozaji ikapoa. Alipoinuka kwenda zake, hakuna aliyemsindikiza.