Jina Alilopewa Kapteni

Jicho la kushoto lilikataa rangi.

Kingori alilipaka jeusi asubuhi ya Jumapili, mkewe Kanana akiwa kanisani na mtoto, kwa brashi yenye ncha nyembamba kama kope. Akalipuliza, akamweka kapteni wake wa plastiki chini ya taa ya mezani, akaenda jikoni kuchukua chai. Aliporudi jicho lilikuwa jeupe tena, jeupe lenye ukungu, kama maji yaliyosuuza kikombe cha maziwa. La kulia halikuwa na neno. Akalaumu rangi. Akalaumu baridi ya Julai, ambayo Nyeri huingia mpaka ndani ya soksi. Akalipaka upya kwa uangalifu zaidi, na kabla chai haijapoa jicho lilikuwa jeupe vilevile. Alilijua jicho hilo, ila hakutaka kukubali kwamba analijua.

Kingori alikuwa fundi wa simu mjini, na nyumbani kwake mtaani Skuta alikuwa na jeshi. Lilikuwa jeshi la plastiki, kila askari urefu wa kidole gumba, na helmeti za kusafiria anga za mbali na bunduki za miale, wakipigania sayari ambazo hazipo. Alikuwa akiwapaka rangi jioni baada ya kazi, hata kutu kwenye kiwiko cha chuma, hata matope ya sayari ngeni kwenye buti. Jumamosi alasiri rafiki yake Moffat, mwalimu wa hesabu, alikuja na jeshi lake la wadudu wa chuma. Walitandaza magofu yaliyotengenezwa kwa trei za mayai juu ya meza ya kulia, wakapima mwendo kwa futi, wakarusha dadu na kupigana mpaka Kanana atake meza yake. Majirani walisema hao ni wanaume wazima wanaocheza na wanasesere. Na waseme. Kwa Kingori hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu aliyemfokea.

Walikuwa na sharti moja, kamanda asiye na jina haingii mezani. Na balaa lote liliingilia kwenye sharti hilo.

Mwezi wa Juni Kanana alijifungua mtoto wa kiume, wa kwanza. Kwa utaratibu wa Wakikuyu mvulana wa kwanza hubeba jina la babake baba, na kwa jina hilo mzee hurudi nyumbani kwake. Babake Kingori alikuwa Mzee Wambugu wa Giakanja, aliyezikwa Aprili. Kanisani walimsifu kwa kulea watoto wenye adabu. Hawakuuliza adabu hiyo ilipikwa kwa kuni gani. Kingori alipokuwa mdogo alifinyanga askari wa udongo, akawatia mikono ya waya wa ua, akawaficha nyuma ya ghala. Mzee alikuja na buti zake za mpira, akiburuza mguu mmoja, akawapata. Akasonya, akamwagiza mtoto awatie motoni mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, naye akisimama nyuma yake na mshipi, akinuka ugoro, jicho lake la kushoto lenye mtoto wa jicho likimtazama. Kingori akikawia, mzee alikohoa kidogo. Kikohozi kilitangulia mshipi siku zote. Alama za mshipi bado zilikuwa mgongoni mwa Kingori, na hata siku ya harusi Kanana alikuwa hajaambiwa alama hizo zilitoka wapi.

Basi Kingori akamwita mwanawe Mutwiri, kwa jina la babake Kanana, dereva mpole wa trekta katika mashamba ya ngano ya Timau. Mzee Mutwiri alilia kwenye simu kwa furaha. Magdaline, mamake Kingori, alikuwa amekuja kumwona mjukuu na chupa ya uji. Aliposikia jina akaiweka chupa chini polepole.

"Na baba yako utamweka wapi?" aliuliza.

"Pale alipo panamtosha, Maitu."

"Kingori, usifunge mtu nje ya mlango yake."

Aliondoka bila kuonja chakula.

Jumamosi iliyofuata Kingori alikuwa amemaliza kapteni mpya, mwenye joho jekundu ambalo Moffat alilitazama kwa wivu.

"Huyu ni msafi, buda. Anaitwa aje?"

Kingori akamwinua kapteni kwenye mwanga. Uchungu ulimpanda, akaufurahia, kama mtu anavyokuna kidonda. "Huyu ni Wambugu," alisema. "Mzee alitaka jina, nimempatia. Asimame hapo na wanasesere wenzake."

Moffat akacheka, halafu akaacha. "Aki Kingori, hiyo si kitu ya kuchezea."

"Rusha dadu."

Siku hiyo kapteni hakupigika. Kila Kingori alipomgusa, dadu zote zilitua kwenye sita. Moffat alikusanya wadudu wake mapema, akasema anaenda kusahihisha mitihani, na shuleni kwake hakukuwa na mitihani wiki hiyo.

Kesho yake ndipo jicho lilipokataa rangi.

Kisha ikaja harufu. Hakuna aliyevuta wala kunusa tumbaku nyumba hiyo, lakini Kanana alifungua kabati la nepi akakutana na harufu ya ugoro, kali, ya kukwaruza pua. Akafua nepi zote upya. Harufu ikahamia kwenye pazia, kutoka hapo ikahamia kwenye kichwa cha mtoto, pale laini panapodunda.

"Baba Mutwiri," Kanana alisema siku moja Kingori aliporudi kutoka kazini, na alisema kwa kunong'ona ingawa jua lilikuwa bado liko nje, "mchana ulikuja ukaenda tena?"

"Sikutoka town. Kwa nini?"

"Kulikuwa na mtu sitting room. Anatembea na gumboots. Mguu moja anavuta. Nilidhani ni wewe umeumia."

Kingori alisema ni majirani wa juu. Nyumba yao haikuwa na ghorofa juu.

Alhamisi alirudi akakuta meza tupu. Jeshi lake lote, kazi ya jioni za miaka, lilikuwa ndani ya jiko la makaa nyuma ya nyumba, limeyeyuka likawa uji mweusi wenye helmeti chache zilizochomoza. Kapteni peke yake alibaki, amesimama ukingoni mwa meza, uso ameuelekeza kwenye mlango wa chumba cha kulala.

"Kanana! Nani amechoma vitu zangu?"

"Usiniulize mimi na sauti hiyo. Jiko sijawasha tangu baridi ianze, natumia gesi. Hata makaa hatuna."

Kingori akatia mkono kwenye majivu. Yalimchoma.

Wakati huo mtoto alikuwa ameanza kukataa ziwa. Alikuwa akilia kila alipoitwa Mutwiri, kilio cha hasira kisicholingana na kifua kidogo vile, na uzito wake ukashuka. Ijumaa jioni Kanana alimvua nguo amwogeshe, akamwita mumewe kwa sauti ambayo Kingori hakuwahi kuisikia kwake. Mgongoni mwa mtoto palikuwa na mistari. Ilikuwa mistari mipana, myekundu, iliyokatana begani na kushuka mpaka kiunoni, na Kingori hakuhitaji kioo kujua kwamba kila mmoja ulikaa mahali ulipokaa wake mwenyewe.

Kliniki waliangalia mgongo, wakaangalia mama, wakaangalia baba, na macho ya nesi yakatulia kwa baba. Kingori aliulizwa maswali mbele ya wazazi wengine waliobeba watoto wao, waliosogeza viti. Yeye aliyeapa kwamba mkono wake hautagusa mtoto kamwe alikaa pale akieleza kama mwizi. Hakuna uchungu uliompata utotoni uliofikia ule.

Walipofika nyumbani hakuvua hata koti. Alimchukua kapteni, akamlaza kwenye kizingiti cha jikoni, akainua nyundo, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukajaa uani hadi kamba ya nguo haionekani, na ndani ya ukungu huo alisikia buti la mpira likiburuzwa, likisimama, likiburuzwa tena, likija taratibu kama mtu ambaye hana haraka kwa sababu anakuja kwake, na ile harufu ya ugoro ikamjaa kooni, akapiga. Mtoto akapiga ukelele chumbani. Akainua nyundo tena, na kabla haijashuka Kanana alikuwa mlangoni amemkumbatia mtoto, akipaza sauti, "Wacha! Wacha, unamuua!" Juu ya jicho la mtoto palikuwa pamevimba. Kapteni hakuwa na mkwaruzo.

Kingori alipiga simu Giakanja kwa mamake.

Magdaline alikuja kesho yake asubuhi na mwanamke wa maombi aitwaye Murugi, anayeuza mitumba sokoni, kilemba cheupe kichwani na mikono mikubwa. Murugi hakupiga kelele wala kunyunyiza kitu. Alinusa hewa mlangoni, akamtazama kapteni bila kumgusa, akaketi.

"Watu wa Pwani wangesema ni jini," alisema. "Jini ungefukuza. Huyu mimi siwezi fukuza. Mtu hafukuzwi kwake. Nani alimwita?"

Kanana akamgeukia mumewe.

"Nilipatia hicho kitu jina la baba," Kingori alisema. "Kwa mzaha."

"Kai! Ulipatia plastiki jina yake?" Magdaline alishika kichwa. "Baba yako?"

"Amesikia jina yake ikiitwa, akaja," Murugi alisema kwa sauti ya chini. "Amefika, hakuna mwili. Ni kitu ndogo ya kuchezea, haili, haikui. Sasa amepata ule mwili uko karibu. Na huo mwili uko na jina ya mtu mwingine, ndiyo anaugonga hivyo. Mpe mtoto jina, atatulia. Lakini sikia mzuri, kijana. Jina hupeanwa na roho nyeupe. Kwanza umsamehe baba yako. Ukiipeana na uchungu, uchungu ndiyo itaingia."

"Na kama siwezi?"

"Mtoto huyu hafiki Jumapili ingine."

Kanana alikuwa akilia kimya kimya. Ingembidi ampigie simu babake Timau, kumwambia kwamba jina lake limevuliwa kwa mjukuu kama koti la kuazima. Hakulalamika. Alimnyoshea Kingori mtoto.

Kingori alimpokea. Alijaribu, na ni haki isemwe kwamba alijaribu. Alitafuta moyoni jambo moja jema la yule mzee, siku moja ya pipi, mkono mmoja begani, na kila alipofukua aliukuta moto ule nyuma ya ghala. Mtoto alihema kwa shida mikononi mwake. Hakukuwa na muda wa kufukua zaidi.

"Wewe ni Wambugu," alisema. Jina lilimtoka kama kitu kilichokwama kwenye meno.

"Umemsamehe?" Murugi aliuliza.

"Nimemsamehe."

Murugi alimtazama kwa muda, akachukua kikapu chake, akakataa chai. Mtoto alinyamaza. Akatafuta ziwa, akanyonya mpaka akasinzia, na Magdaline akapiga magoti akilia kwa shukrani na kumwita mjukuu wake mume wangu, kama wafanyavyo akina nyanya wa kwao.

Nyumba ikatulia. Mistari mgongoni ikafifia na mtoto akanenepa. Kingori alipaka jicho la kapteni, likabaki jeusi, sanamu ya plastiki tu kama nyingine. Moffat akarudi kwa kusitasita, wakacheka kidogo, na Kingori akaanza jeshi jipya. Kanana sasa alimwita Baba Wambugu. Kila alipomwita, Kingori alichelewa kuitika. Yeye mwenyewe alimwita mwanawe "mtoto", hivyo tu, kwa sababu mwana mwenye jina la babu huitwa baba na mzazi wake, na neno hilo lilikataa kumtoka.

Alasiri moja ya mvua, wakati mtoto alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa, Kanana alitoka kwenda dukani. Jiko la makaa lilikuwa sebuleni kwa ajili ya baridi, dirisha limeachwa wazi. Kingori alikuwa mezani akipaka joho la askari, rangi nyekundu, mkono umetulia, na kwa kitambo alikuwa na furaha. Kisha akasikia harufu ya ugoro.

Hakugeuka mara moja. Alijiambia ni makaa, alijiambia ni nguo zenye unyevu, akaendelea kupaka mpaka rangi ikavuka joho ikaingia usoni mwa askari, na nyuma yake, kutoka kwenye mkeka, chini kabisa karibu na sakafu, mtu alisonya.

Mtoto alikuwa ameketi wima, mikono kwenye magoti. Hakuwa akicheza. Jicho la kulia lilikuwa lile la Kanana, zuri, la hudhurungi. La kushoto lilikuwa limeingia ukungu. Lilitazama meza, likatazama jiko, likamtazama Kingori.

Mgongo wa Kingori uliwaka, mstari kwa mstari. Alikuwa na ndevu, na mke, na kazi mjini, na vyote hivyo havikumsaidia kitu.

"Ndiyo, baba," alisema.

Kanana aliporudi alimkuta amepiga magoti mbele ya jiko, machozi yakimchuruzika, akiwatia askari motoni mmoja baada ya mwingine kwa vidole vyake. Alimwita. Hakusikia. Alibakiwa na mmoja, yule wa joho ambalo rangi yake haijakauka, akamshikilia kidogo kifuani.

Kwenye mkeka, mtoto alikohoa.