Rafu za Don Wilmar

Kila asubuhi kabla ya shule mimi humpelekea baba chupa ya maji ya moto kwa ajili ya yerba yake, majani machungu anayokunywa kama chai. Wiki ile ya Oktoba nilimkuta mahali palepale kila siku, chini ya trekta. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa tayari kwa mahindi, na shamba letu nje ya mji wa Cardona halikuwa limepandwa hata mstari mmoja. Jua lingewaka siku tatu zaidi, udongo ungekauka na msimu ungetupita.

Pampu ya dizeli ilikuwa imekufa. Don Wilmar, aliyetuuzia trekta hilo, aliahidi kuleta nyingine Jumatatu, kisha akasema Jumatano.

"Leo nakwenda tena," baba alisema Jumamosi.

"Nenda," mama akajibu. "Kofia mbili za zawadi umeshaleta kutoka kwake, labda leo utapata ya tatu. Nibia, mfuate baba yako."

Dukani kwake, Don Wilmar alitupokea kama wafalme. Kwetu kibuyu cha yerba kikizunguka, kila mtu hunyonya kwa zamu kwa mrija uleule, na kuleta malalamiko katikati ya mzunguko ni utovu wa adabu. Don Wilmar alilijua hilo vizuri. Kila baba alipofungua mdomo, kibuyu kilimfikia. Maji yalipokwisha, ikaletwa chupa nyingine. Nilikasirika hadi masikio yakawaka.

"Pampu iko njiani, ndugu yangu," alisema hatimaye. "Lakini ya nini kuhangaika na lile kuukuu? Chukua trekta hili jipya. Weka sahihi hapa, Jumatatu unapanda."

Baba akashika kalamu. Nami nikaomba kwenda msalani. Njiani nikaona mlango wa stoo uko wazi. Rafu zilijaa kofia, kalenda na paketi za yerba. Hapakuwa na chujio, wala mkanda, wala pampu hata moja.

Nikarudi mbio. "Don Wilmar, pampu za trekta hili jipya ziko rafu gani? Mimi nimeona kofia tu."

"Binti yako ana mdomo," alimwambia baba, akicheka peke yake. "Zikihitajika huagizwa, mtoto."

"Kama ile ya Jumatatu," nikasema.

Baba alinikata jicho. Kisha akaitazama kalamu, akaiweka mezani. Kibuyu kilipomfikia, alikisukuma pembeni. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Tukatoka, tukaenda kwa Doña Mirta, fundi muuza vipuri ng'ambo ya reli. Huko hatukupewa hata kiti. Mikono yake ilikuwa na grisi hadi viwikoni.

"Namba ya injini?" aliuliza. Baba hakuijua. "Mwaka mzima unaliendesha, hujui namba yake. Haya, twendeni."

Alitoa pampu mbili rafuni, akabeba spana zake, akatufuata hadi shambani, ingawa trekta hakutuuzia yeye. Pampu ya pili ikaingia. Saa kumi trekta liliunguruma.

"Likizima tena, nipigie," alisema. "Hata Jumapili."

Jioni, robo ya shamba ikiwa imepandwa, mama alimmiminia baba yerba.

"Muuzaji usimpime siku ya kuuza," alisema, akinitazama mimi. "Siku hiyo kila mtu ni mkarimu. Omba kuona stoo yake, kisha ukamuulize mtu aliyenunua kwake, ambaye trekta lake limeharibika."

Baba alivua kofia ya Don Wilmar, akaanza kufutia nayo spana zake zenye grisi.