Ukuta Usio na Jirani

Aliyeisimulia kwanza ni bibi yetu, fundi cherehani, mwaka ule macho yake yalipokataa kutunga uzi kwenye sindano. Kabla ya hapo, akiulizwa kwa nini walihama nyumba nzuri kama ile, alijibu neno moja: "Tulihama." Siku hiyo alisubiri tubaki wajukuu peke yetu, akasema yote. Hapa hakuna kilichoongezwa.

Mtaa wao wa kwanza wakazi waliuita Bega kwa Bega, kwa kuwa nyumba zake ziligawana kuta. Ukikohoa chumbani kwako, unapewa pole na nyumba mbili. Ugomvi wa mume na mke ulisuluhishwa na watu ambao hawakuitwa. Fundi, wakati huo mama kijana wa mtoto mmoja, aliiweka cherehani yake kwenye ukuta wa kushoto. Upande wa pili wa ukuta huo aliishi mjane mmoja, muuza mkaa, aliyepewa jina la Bi Sauti kwa sababu hakujua kunong'ona.

Wawili hao walisemezana kwa ukuta. Kifundo cha kidole kilikuwa salamu: umeamkaje? Kiganja kilikuwa ombi: niazime mtoto. Mtoto wa kutumwa dukani, wa kushika ncha ya shuka likikunjwa, au wa kukaa tu ili nyumba isipooze. Aliyeombwa alijibu kwa kiganja, maana yake: anakuja. Jina halikutajwa. Watoto walikuwa wengi na waliingia nyumba yoyote. Uliletewa yule aliyekuwa karibu na mlango.

Mtoto wa fundi aliitwa Pindo, kwa kuwa alianza kutembea akiwa ameng'ang'ania pindo la gauni la mama yake, na hata alipokua hakuliachia.

Kisha mume, fundi umeme, alipewa nyumba na waajiri wake katika mtaa wa pili. Huo ulikuwa mtaa wa mageti. Watu walijulikana kwa magari yao: yule wa gari jeupe, yule wa gari linalokohoa. Mchana, wenye nyumba wakiwa kazini, ungeweza kusikia jani likianguka.

"Huku mtu akifa atajulikana kwa harufu," alisema Bi Sauti siku aliyokuja kusaidia kupanga vyombo.

"Usituapize, shemeji," mume alijibu akicheka. "Tumekuja kupumzisha masikio."

"Aa! Kumbe mmenihama mimi!"

"Wewe tutakusikia hata huku."

Fundi akaiweka cherehani kwenye ukuta wa kushoto, palipofikiwa na mwanga wa dirisha la mbele.

Haukupita muda, ukuta ukagongwa. Kifundo cha kidole, taratibu. Fundi alikuwa na pini midomoni. Mkono wake ukajibu kabla ya kichwa chake. Akafurahi. Kumbe hata huku kuna watu. Tangu hapo, kila jua likifika utosini, jirani alisalimia naye akaitikia, na kazi ikawa nyepesi. Kilichomkera kidogo ni harufu iliyofuata kila salamu, harufu ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Aliigusa pasi yake. Ilikuwa baridi.

"Jirani wa kushoto ni mtu mzuri," alimwambia mumewe wakila. "Tunasalimiana ukutani."

Mume aliweka kijiko chini. "Kushoto wapi?"

"Huku, kwenye cherehani."

"Mke wangu, huko hakuna nyumba. Ni kiwanja cha nyasi. Nimepitisha waya pale mwenyewe."

"Basi labda ni mlinzi."

"Mlinzi wa nyasi?"

Mume alitaka kucheka, hakucheka. Akainama karibu naye, akashusha sauti ingawa mlango ulikuwa umefungwa. "Usijibu tena."

Hakujibu tena. Ukuta uliendelea kusalimia kwa adabu, ukingoja kidogo kila baada ya salamu, kama mtu anayesubiri mwenzake ameze tonge. Pindo akaanza kucheza chini ya cherehani, sikio lake ukutani.

"Unasikiliza nini, mwanangu?"

"Anauliza mbona humwitikii siku hizi."

"Nani?"

"Jirani. Anasema hajakukosea."

Fundi alimvuta mtoto kwa mkono. Alikusudia kuihamisha cherehani siku hiyohiyo mumewe akirudi, maana ilikuwa ya chuma na peke yake hakuiweza. Asubuhi alikuwa amemkatia Pindo gauni, amemjaribisha, na mabega yalikuwa yamekaa sawasawa. Ulibaki mshono wa ubavu na upindo. Akaketi amalize, mtoto akakaa miguuni pake, nyumba ikatulia, gurudumu likazunguka, kitambaa kikateleza, na katikati ya mshono, mguu ukiwa haujaacha kukanyaga na macho hayajaacha sindano, ukuta ukapigwa kwa kiganja, pa, kama Bi Sauti alivyoupiga miaka yote ile, na mkono wa kushoto wa fundi ukainuka wenyewe, ukajibu kwa kiganja, pa, na alipokuwa bado anashangaa kwa nini kiganja kinamuunguza, Pindo akaliachia pindo la gauni la mama yake, akasimama, akasema, "Mama, naitwa," akatoka.

Fundi aliangusha kiti. Uani hapakuwa na mtu. Geti lilikuwa limefungwa kwa komeo lisilofikiwa na mtoto. Akatoka, akazunguka hadi kiwanjani, na nyasi zilikuwa zimesimama wima, hakuna hata unyasi mmoja uliolala, na ukuta wa nyumba yake kwa nje ulikuwa na joto kama ubavu wa mtu mwenye homa, na ndani ya ukuta, si nyuma yake wala juu yake, ndani, Pindo alikuwa anacheka.

Alipiga kelele. Bega kwa Bega, kabla hajamaliza kupiga kelele wangekuwa wametoka wanawake kumi. Hapa pazia moja lilisogea, likarudi. Alipogonga geti la jirani wa mbele, jicho likatokea kwenye tundu.

"Mwanangu amepotea!"

"Wenyewe hawapo," jicho likasema, tundu likazibwa.

Mume aliporudi alikimbia kumfuata Bi Sauti, wakafika kabla jua halijazama. Mwanamke yule aliusikiliza ukuta, akauliza ulipigwaje, ukajibiwaje. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akanong'ona.

"Twende nje. Nyinyi msiongee."

"Si bora mganga?" mume aliuliza.

"Mganga anafukuza aliyevamia. Huyu alibisha, mkaitikia. Mmemfanya jirani. Jirani hafukuzwi, anaombwa."

Akaingia kwenye zile nyasi, akausogelea ukuta hadi pua ikakaribia kuugusa, akaupiga kwa kiganja.

"Jirani," alisema kwa upole, "niazime mtoto."

Harufu ya kuungua ikatanda kiwanja kizima. Ukuta ukajibu kwa kiganja. Nyasi zikafunguka, na mtoto akatoka, mkavu, mtulivu, akampa Bi Sauti mkono.

Walihama alfajiri, maana cha kuazima hudaiwa. Mtaa wa tatu ulikuwa kando ya barabara kuu, chumba cha ghorofani juu ya wauza matairi. Madirisha yalitetemeka mabasi yakipita, na watu waliombana chumvi kwa kupiga kelele. Huko hata ukuta ungegongwa kwa nyundo, nani angesikia?

Siku ya kwanza huko, fundi alimaliza lile gauni, akamvalisha mtoto. Mabega yalianguka. Mikono ilifunika vidole. Akachukua futi, akapima, akapima tena.

"Umekosea kipimo, mama," mtoto alisema, akimtazama.

Fundi hakuwa amewahi kukosea kipimo cha mwanawe. Alimvuta Bi Sauti, aliyekuja kuwasaidia kuhama, hadi kwenye ngazi.

"Jana uliomba vipi?"

"Si ulinisikia? Kama tulivyoomba siku zote."

"Hukutaja jina."

"Kwetu nani alitaja jina?" Bi Sauti alianza kujibu, kisha akakaa chini, palepale kwenye ngazi, akaziba mdomo kwa kanga.

Walikubaliana wasimwambie mume. Fundi alilipunguza gauni usiku huo, mabega na mikono. Lilimkaa mtoto vizuri.

Bi Sauti alifariki mtaani kwake, Bega kwa Bega, akiwa mzee. Babu, yule fundi umeme, alifariki kabla yake, bila kuambiwa. Bibi yu hai. Haoni, lakini akili yake ni timamu. Shangazi, yule aliyetoka kwenye nyasi, yu hai pia, ana watoto na wajukuu, na ni yeye anayempikia bibi na kumlisha. Kuhusu Pindo, tulimuuliza bibi. Alisema hajui.